Kidonge Kinachoamshwa na Ini

Nilikuwa nimestaafu ualimu, na mume wangu, aliyefanya kazi bandarini, alikwisha kutangulia. Watoto wako Mwanza na Dodoma. Nilibaki huku kusini, mtaani Chuno, na nyumba kubwa na kuku wachache.

Siku moja kifua kilinibana nikifua nguo. Jirani yangu, mama wa Kimakonde anayelima korosho, alinikuta nimekaa chini kando ya beseni, jasho linanitiririka. Akaita bajaji, akanifikisha hospitali. Niliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa mbili za kuzuia damu isigande: aspirini na klopidogreli.

Tumbo likaanza kuniunguza. Nikanunua dukani dawa ya kupunguza asidi, nikawa nameza zote kila asubuhi kwa chai ya rangi. Hakukuwa na wa kuniuliza nameza nini.

Kifua kikabana tena. Safari hii nilijikongoja mwenyewe hadi barabarani.

Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliniuliza, “Mama, nyumbani kuna dawa nyingine unayotumia?”

Nikafungua mkoba, nikamwonyesha. Akasoma jina, akatikisa kichwa.

“Klopidogreli inaingia mwilini ikiwa imelala, mama. Ini ndilo linaloigeuza iweze kufanya kazi. Sasa hii ya tumbo inakizuia kimeng’enya cha ini kinachoiamsha.”

“Kumbe nilikuwa nameza bure?”

“Si bure kabisa, ila nguvu inapungua. Wapo hata watu waliozaliwa na ini lisiloiamsha vizuri. Nitakubadilishia hii ya tumbo.” Akaanza kuandika. “Unakaa na nani?”

“Peke yangu.”

Akaliandika na hilo.

Baada ya hapo kifua kilitulia. Ila nikijigonga kidogo tu kwenye komeo, mkono unavilia damu. Mwanangu alipopiga simu nilitaka kumweleza habari za ini, lakini alikuwa anaingia kikaoni.

“Hujambo lakini, mama?”

“Sijambo, baba.”

Nilimweleza jirani. Alisikiliza hadi mwisho huku akimenya mihogo, akasema, “Pole, dada.” Msimu wa korosho ulipofika alihamia shambani na watu wake wote, na uani kwake kukawa kimya.

Siku hizi vidonge navimezea barazani, geti likiwa wazi, ili nikianguka wapita njia wanione.