Besi Iliyotorokea Kando ya Sikio

Fundi wa redio ninayemwuzia chai hapa Laini Saba hatazami mtu uso, anatazama sikio. Vidole vyake ni vinene, lakini hukata sponji ya godoro kwa wembe, kipande kidogo kama njegere, akavalisha vile visikizi vya kutia masikioni. Mteja akilia kwamba sauti ni nyembamba, humjibu bila kuinua kichwa, "Kaseti yako ni nzima. Sauti nzito inatorokea kando, kwa sababu sikio halijazibwa." Siku moja mteja aitwaye Nafuna alileta kaseti ya kwaya. Marehemu mumewe ndiye aliyeimba besi, ile sauti nzito ya chini, na sauti yake haiko mahali pengine popote. "Nasikia wanawake peke yao," akasema. "Yeye amefutika." Fundi akavalisha sponji, akasukuma kisikizi polepole, akakizungusha mpaka kikakaa. "Na sasa, mama?" Nafuna akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya reli, "Ni yeye! Namsikia hata akivuta pumzi!" Nikafungua mdomo niulize ni nani anayetaka chai. Fundi akaniinulia kidole. Mimi huyu, ambaye hata chifu hajawahi kuninyamazisha, nikanyamaza mpaka wimbo ukaisha.