Binti Aliyetakiwa Kuthibitisha Kwamba Hana Mtu

Opal Stamper alipozikwa, akina mama wa kanisa walileta vyakula mpaka meza ikakosa nafasi: kuku wa mchuzi wenye vidonge vya unga, maharage, mkate wa mahindi, keki za kila aina. Walimkumbatia mjukuu wake, Raelynn, kila mmoja kwa zamu, wakamwambia, "Ukihitaji lolote, mwanangu, wewe sema tu." Kisha wakapanda magari yao wakaenda. Hakuna aliyemuuliza atakaa na nani.

Huku kwetu, katika milima ya Kentucky mashariki, kuuliza ni kukosa adabu. Ukijua mwenzio ana shida, unamwachia bakuli la chakula kibarazani na kuondoka kabla hajafungua mlango. Tunajisifu kwa hilo. Sijawahi kuona mahali ambapo watu wanalishana vizuri hivi, wala mahali ambapo mtu anaweza kupotea kimya kimya hivi huku akiwa ameshiba.

Raelynn alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa shule. Baba hakumjua. Mama yake, Tonya, mtoto pekee wa Opal, aliondoka na dereva wa lori Raelynn alipokuwa anaanza shule. Kwa miaka michache alipiga simu Krismasi, halafu hata simu ikakatika. Opal akamlea mjukuu. Wakati fulani mwalimu mmoja alimshauri aende mahakamani apewe karatasi ya ulezi. Opal akamjibu, "Nisimame mbele ya hakimu nimseme mwanangu wa kumzaa? Mtoto huyu ni damu yangu. Damu haihitaji muhuri." Habari zikaenea, na kila mtu akamsifu. Ulikuwa upendo, sibishi. Lakini upendo unaoona haya kuandikwa humwacha mtoto bila kinga siku mwenye upendo anapokufa.

Baada ya mazishi Raelynn alikaa peke yake katika nyumba ile. Akitoka shule alifanya kazi ya kupokea pesa katika duka la vitu rahisi kando ya barabara kuu. Akirudi alikula akiwa amesimama karibu na sinki, maana kukaa mezani kulihitaji watu wawili. Redio aliiacha ikisema siku nzima, kituo kile cha kwetu kinachotangaza vifo na watu wanaouza majokofu yao. Aliendelea kununua maziwa ya mtindi ambayo bibi yake aliyapenda. Yeye mwenyewe hakuyanywa. Yalikaa, akayamwaga, akanunua mengine.

Mwezi wa Februari chuo kikuu cha jimbo kilimkubali asomee kazi ya kupiga picha za eksirei. Karo ya mwaka mmoja ilizidi chochote alichowahi kukishika. Njia ilikuwa moja: fomu ya serikali ya kuombea msaada wa karo. Bila hiyo hakuna ruzuku, hakuna mkopo, hakuna chuo.

Mshauri wa wanafunzi, Bi. Haskell, mgeni aliyehamia kutoka jimbo lingine, aliketi naye mbele ya kompyuta ya shule. Walikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye mapato ya mzazi.

"Mama yako alipata kiasi gani mwaka juzi?"

"Sijui."

"Tumpigie simu tumuulize."

"Sina namba yake, Bi. Haskell. Sijui hata yuko jimbo gani."

"Basi mlezi wako. Bibi alikuwa na karatasi ya mahakama?"

Raelynn akatikisa kichwa. Bi. Haskell akavua miwani yake. Akaeleza kwamba serikali humhesabu mwanafunzi kuwa yuko chini ya mzazi wake mpaka atimize miaka ishirini na minne, hata kama mzazi huyo hampi senti. Huondolewa kwenye hesabu hiyo akiwa ameoa au ameolewa, ametumikia jeshi, ana mtoto wa kumlea, au mahakama ilimpa mlezi.

"Kwa hiyo ningekuwa nimezaa, ningepata nafuu?"

"Usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Naona bora ningezaa kuliko kukaa na bibi."

Bi. Haskell akapiga simu ofisi ya misaada ya chuo. Mwanamume wa upande wa pili alikuwa mpole. Alisema wana uwezo wa kumhesabu mwanafunzi kama anayejitegemea, ila wanahitaji ushahidi. Raelynn aandike maelezo yake. Zaidi ya hayo, watu wawili wasio ndugu zake waandike kwamba mama yake hamsaidii na hajulikani alipo. Mmoja awe wa shule, mwingine mtu wa pale anapoishi. Yote yafike kabla ya katikati ya Aprili.

Bi. Haskell aliandika yake siku ile ile. Ya pili ndiyo iliyobaki, na Raelynn alidhani ndiyo nyepesi, kwa kuwa mji mzima ulijua habari za Tonya.

Alianza kwa Mchungaji Gentry wa kanisa lao. Mchungaji akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nitaandika kwamba wewe ni binti mwema na mwaminifu. Hilo kwa moyo wote."

"Hawaulizi kama mimi ni mwema, mchungaji. Wanauliza kama niko peke yangu."

"Hauko peke yako. Una kanisa zima."

"Basi kanisa litie sahihi pale palipoandikwa mzazi."

Mchungaji alitaka kucheka, akaacha. "Tonya nilimbatiza kwa mikono hii, pale mtoni. Akirudi kesho akute mikono hiyo hiyo imeandika kwamba alimtupa mwanawe, nitamtazamaje?"

"Harudi."

"Tumwombee arudi."

Wakamwombea. Raelynn akaondoka na chupa ya jamu ya matufaha.

Siku iliyofuata akaenda kwa Bi. Loretta Gayheart, rafiki wa marehemu bibi yake. Huyu akashika kifua. "Uh, mwanangu, mambo ya Tonya kuyaandika? Opal atageuka kaburini. Sikiliza, we jaza jina langu hapo pa mama, na mapato yangu nitakupa. Nani atajua?"

"Huo ni uongo, Bi. Loretta. Na ni fomu ya serikali."

"Uongo wa kumsaidia mtoto, nani atauhesabu?"

Hapa msomaji apatazame vizuri. Watu hawa walikuwa wema. Mmoja alikuwa tayari kuomba, mwingine alikuwa tayari kusema uongo ulioweza kumpeleka jela. Lakini kuandika mistari michache ya kweli, ambayo kila mmoja aliisema jikoni kwake, waliona ni dhambi. Hiyo nasema si heshima. Kuficha aibu ya mtu mzima kwa kumtoa mtoto wake sadaka ni woga, hata ukivishwa nguo za Jumapili.

Akabaki Irma Tolliver, jirani wa ng'ambo ya kijito. Yeye na Opal walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mbwa aliyeua kuku, na watu walimkwepa kwa ukali wa mdomo wake. Raelynn alimkuta anapasua kuni.

"Unataka nini?"

"Nataka mtu wa kusema ukweli kuhusu mama yangu."

"Huo ninao tele. Ingia. Futa viatu."

Akamwekea kahawa, akasikiliza habari ya barua, akachukua karatasi na kuanza kumuuliza. Mama alikuja mazishini? Hakuja. Umeme analipa nani? Mimi. Unakula nini? Chochote kilichopo. Tangu mazishi ya Oktoba huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza maswali hayo, na aliyauliza kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Raelynn alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Irma akamsukumia kitambaa cha vyombo bila kumtazama, akaendelea kuandika.

"Soma kabla sijafunga bahasha," akasema. "Usipeleke kitu usichokisoma."

Iliandikwa hivi: *Naitwa Irma Tolliver. Nyumba yangu inatazamana na ya Stamper. Sikupatana na bibi wa mtoto huyu, kwa hiyo sina sababu ya kumpendelea. Mama yake alimwacha akiwa mdogo na sijamwona tena hapa. Tangu bibi afe, hakuna gari la mtu mwingine lililolala pale. Anajilipia umeme na chakula. Hana mtu.*

Raelynn aliyasoma mara ya pili yale maneno mawili ya mwisho.

"Kuna kosa?" Irma akauliza.

"Hapana. Sikuwahi kuyaona yameandikwa."

"Nikuandikie una mtu?"

"Hapana, Bi. Tolliver. Acha hivyo hivyo."

Ofisi ya chuo ikaridhika. Akapewa ruzuku ya serikali na ya jimbo, kazi ya saa chache maktabani, na mkopo mdogo wa kuziba pengo lililobaki. Jumapili moja mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa, akamwita "mtoto wetu", na watu wakapiga makofi. Akapewa blanketi la viraka walilolishona akina mama. Lilikuwa zuri kweli.

Agosti aliendesha gari la bibi yake mpaka chuoni. Njia za bweni zilijaa akina baba waliobeba majokofu madogo na akina mama waliotandika vitanda vya watoto wao wakubwa. Raelynn alipanda na kushuka ngazi na masanduku yake. Mama wa msichana aliyepangiwa naye chumba kimoja akamuuliza, kwa wema, "Wazazi wako wanaegesha gari?"

"Nimekuja mwenyewe," akajibu, akaendelea kupanga nguo.

Alisoma vizuri. Lakini chuo kile hakikuchukulia kwamba mtu asiye na mzazi mwaka huu hatakuwa naye mwaka ujao pia, hivyo Februari ofisi ilimtaka athibitishe upya. Raelynn akasimama kwenye ujia wa bweni na kumpigia Irma.

"Wanataka tena ile barua, Bi. Tolliver."

"Kuna kilichobadilika?"

Raelynn akafikiri kwa haki, maana alijua huyu hataki jibu la adabu.

"Hapana. Hakuna."

"Basi ni tarehe tu nitakayobadilisha," Irma akasema. "Nitaituma kesho."