Shangazi Kati ya Mashuka

Nyumbani kwao, Shangazi alikuwa mtu wa mashuka. Tangu utotoni alipenda kupita katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, uso ukiguswa na ubaridi wa nguo, macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayetembea ndani ya wingu lililoshuka uani kumsalimu. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi aliyaazima: ukimwambia jambo, alikurudishia neno lako la mwisho. Mama yake hakulalamika. Walifua pamoja, wakakamua pamoja, mmoja ameshika ncha huku na mwingine kule, hadi Shangazi akatimiza miaka hamsini na mama akalala usingizi usio na asubuhi.

Hapo binti wa kaka yake, fundi cherehani aliyeishi katika chumba kimoja, akamtafutia makao ya watu wenye usonji na ulemavu wa akili. Alichagua yaliyong'aa kuliko yote: mapazia yaliyopigwa pasi, sakafu unayoweza kujitazamia, na kiti cha kila mtu mbele ya televisheni.

"Umefanya kazi sana, Shangazi. Sasa pumzika."

"Pumzika," alisema Shangazi.

Mwezi wa nne tangu Shangazi ahamie, Matroni, msimamizi wa makao, alimwita yule fundi. Shangazi alikuwa kitini, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Chakula cha mchana kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

"Mwanangu, shangazi yako ananitoa jasho," alisema Matroni. "Akipata upenyo tu, yuko chumba cha kufulia. Anajifunga mashuka mabichi na kuzurura nayo korido nzima. Sakafu inalowa. Akianguka akavunjika nyonga, nani ataulizwa? Nimefunga mlango, sasa amegoma kula. Daktari anakuja leo. Ukiridhia, atamwanzishia dawa ya kumtuliza."

"Atulie zaidi ya hapo? Si atageuka kabati, Matroni?"

Matroni alicheka bila kutaka. "Lakini namwuliza kila siku! Mama, unapenda kukaa? Ananijibu, kukaa. Sasa nifanyeje?"

"Hebu mwulize kama anapenda kusimama."

Matroni aliinama. "Mama, unapenda kusimama?"

"Kusimama," alisema Shangazi bila kuinua macho.

"Na kuolewa je?" akadakia dobi wa makao kutoka mlangoni, karai la mashuka mabichi kiunoni.

"Kuolewa."

Dobi aliangua kicheko, kisha akakiziba kwa kiganja. Matroni aliketi ghafla kwenye ukingo wa meza. Miezi yote hiyo alikuwa akizungumza na mwangwi wake mwenyewe.

"Bibi, mama yake, alikuwa anamwuliza kwa vitu," alisema fundi polepole, kama anayekumbuka ndoto. Alichukua mto wa kiti, akachukua na karai la dobi, akaviweka vyote miguuni pa Shangazi.

Mkono wa Shangazi ulishuka kwenye mto, ukaupapasa, ukakaa hapo. Kisha mkono ukaendelea na safari yake hadi kwenye karai, ukavuta ncha ya shuka, ukamnyooshea fundi. Shika huku.

"Sakafu yangu jamani," alinong'ona Matroni.

"Mgeni siku mbili, Matroni, ya tatu mpe jembe," alisema dobi. "Huyu hajapewa hata ufagio!"

"Haya. Avae viatu vya mpira. Na wakamulie uani, si koridoni kwangu."

"Na dawa?" aliuliza fundi.

"Daktari akija, atamkuta ana kazi."

Daktari alipofika na mkoba wake, aliulizia mgonjwa. Matroni alimpeleka mlango wa nyuma. Uani, mashuka yalikuwa yakipumua kwa upepo, mengine yameanikwa kombo, moja likiburuza ncha mavumbini huku dobi akinung'unika kwamba hilo atalifua upya. Kivuli kilipita nyuma ya shuka moja, kikazama katika jingine.

"Ni yupi?" aliuliza daktari.

"Subiri atoke," alisema Matroni.

Wakasubiri. Shangazi hakuwa na haraka.