Muziki wa Matangazo ya Vifo

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anatengeneza video fupi kwenye simu, utani tu wa shuleni kwao, akaiwekea muziki wa kinanda, ule wa polepole unaopanda kidogo kisha unashuka. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nilijikuta nimeepua sufuria, nimekaa kwenye kigoda, kimya, nasubiri jina la mtu. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sikumlaumu. Hajui muziki ule ulitufundisha nini sisi tuliokulia Mpanda enzi za redio ya betri.

Nyumbani kwetu Makanyagio tulikuwa watoto saba, mimi wa tano, na wa tano hasikilizwi na mtu. Ukisema una njaa, kuna wawili wameshasema. Ukisema umeumia, kuna aliyeumia zaidi. Kitu pekee kilichoweza kuinyamazisha nyumba ile kilikuwa redio ya mama, ambayo betri zake tulizianika juani zikiishiwa nguvu. Kila siku saa saba kasoro mchana kinanda kilianza, mama akaacha kusonga ugali, kaka zangu wakaacha kugombana, hata bibi, mama yake mama, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa ajili ya binadamu yeyote, akafunga mdomo. Kisha ikaja sauti nzito ya mtangazaji: familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo.

Nilimhusudu sana mtangazaji yule. Kiswahili kizuri nilijifunza kwake kuliko kwa mwalimu wangu. Nilijua kusema "popote walipo" kabla sijaweza kuandika insha ya nusu ukurasa. Na jambo moja nililishika kwa uhakika wote wa mtoto wa miaka tisa: ukitaka watu wakusikilize, anza na kinanda.

Mwaka huo bibi aliugua, akalazwa wiki tatu. Mjomba Deo, mwanawe wa pekee wa kiume, hakuja kumwona hata siku moja. Alikuwa analima mpunga Mwamkulu, na misimu miwili kabla walikuwa wamegombana vibaya kwa sababu bibi alimgawia mama yangu, mtoto wa kike, lile shamba la bondeni lenye maji. Mjomba aliondoka akisema asitafutwe. Bibi alivyotoka hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa kumuulizia. Mama akanituma mimi, kwa kuwa wakubwa walikuwa na kazi, akanipandisha kwenye keria ya baiskeli ya jirani yetu mwenye duka aliyekuwa anaenda huko kununua mpunga.

"Mwambie mjomba wako bibi katoka hospitali, kapona, anataka kumwona. Umesikia? Usiongeze chumvi."

Sikuongeza chumvi. Niliongeza kinanda.

Njia nzima nilifanya mazoezi mgongoni kwa jirani. Neno "inasikitika" nililiondoa, maana habari yangu ilikuwa njema na mimi sikuwa mjinga. Tulipofika, jirani akaniacha nyumbani kwa mjomba, akaendelea na safari zake. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anarudi shambani, matope mpaka magotini, na mkewe anapepeta mchele. Nikasimama wima katikati ya uwanja, nikafumba mdomo, nikauvumisha ule muziki puani, wote, bila kuruka kipande. Kisha nikakaza sauti: "Familia ya Makanyagio, Mpanda mjini, inamtangazia ndugu Deo wa Mwamkulu kuwa mama yake mzazi..."

Sikufika mbali. Mkewe alishaachia ungo na kupiga yowe, na majirani wakaanza kutokea huku na huku wakiwa wameshika vichwa. Mjomba alikaa chini palepale alipokuwa. Nikapiga kelele, "Bibi mzima! Katoka hospitali!" Mama mmoja akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Masikini mtoto, kachanganyikiwa."

Mjomba akainuka, akanitupa kwenye keria yake na kuanza kukanyaga. Sijawahi kupanda baiskeli iliyokwenda vile. Alilia njia nzima, kwa sauti, mtu mzima wa mabega mapana, na mimi nyuma nimeng'ang'ania shati lake.

"Mjomba, bibi mzima!"

"Nyamaza mwanangu. Nyamaza."

"Mjomba, kweli tena!"

"Nimesema nyamaza, nimesikia."

Bibi alikuwa amekaa kivulini anachambua maharage. Mjomba aliachia baiskeli, mimi nikaanguka nayo. Bibi akamtazama kuanzia juu mpaka kwenye yale matope. "Deo, mbio hizo zote, kafa nani?"

Mjomba alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi, maharage yakamwagika yote. Bibi alimshika shingo, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Unanuka tope. Nenda kaoge, uje ule." Habari ya shamba haikutajwa siku hiyo. Baadaye waombolezaji wa Mwamkulu wakaanza kuingia na unga wa msiba na kuni kichwani, bibi akawapokea mlangoni mwenyewe, na ule unga tukaula wote. Mimi nilipata fimbo tatu za mama. Zingekuwa nyingi zaidi, ila bibi alisema aliyekuwa marehemu ni yeye, na yeye amesamehe.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mtoto aliyeharibiwa na redio. Sasa ni mwalimu, nawaona wanafunzi wangu wakiongea kama watu wa kwenye simu zao, na siogopi. Najua mtoto huokota sauti kwanza, kisha maana huifuata taratibu. Lakini mjomba sikumwelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, nilipomuuliza kwa nini siku ile hakunisikia wakati nilikuwa nampigia kelele sikioni.

Akaniambia misimu ile miwili hakuwahi kukosa matangazo. Kila saa saba kasoro aliacha jembe, akaweka redio sikioni, akasubiri jina la mama yake. Lisiposomwa, alijua yu hai, akarudi kulima. Nilipofika na kinanda changu, yeye alikuwa ameshalisikia jina lile mara mia kichwani mwake.

Nikamuuliza mbona hakuja tu kumwangalia, wakati kwa baiskeli hapakuwa mbali.

"Nilikuwa naona aibu," akasema. "Redio haikuulizi ulikuwa wapi."