Nafundisha watu kubeba mtoto njiti kifuani, wangu nikashindwa kuvua shati mbele ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu wote.

Leo nimekuja na yangu mwenyewe. Na kabla hamjauliza kama ni chai, wife yuko pembeni anasoma kila mstari, nikiongeza chumvi ananikata hapa hapa.

Ni uzi wa kujicheka. Ila katikati kuna sehemu sikucheka kabisa.

Niko Kigali, mitaa ya Kagugu. Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, ndiyo maana mnaniona huku kwenu. Kazi yangu ukiniuliza harusini nitakueleza kwa Kiingereza kirefu mpaka ujute. Kwa lugha nyepesi: watafiti wakishathibitisha kwamba jambo fulani linasaidia wagonjwa, mimi nazunguka vituo vya afya kuhakikisha linafanyika kweli, lisiishie kwenye makabrasha.

Miaka ya karibuni nimekuwa mtu wa watoto njiti.

Somo lenyewe jepesi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kujipasha joto. Mwache na nepi, kofia na soksi, mlaze kwenye kifua kitupu cha mzazi, ngozi kwa ngozi, funga kitenge juu yake, akae hapo mchana na usiku. Ushahidi upo wa kumwaga. Mama akishindwa, baba anaweza. Hata bibi anaweza.

Hilo la baba ndilo lilikuwa la kutambia. Nikifika hapo kwenye semina natoa mdoli, namfunga kifuani juu ya shati na tai, natembea naye mbele ya projekta kama mwanamitindo. Watu wanapiga makofi. Kisha naweka slaidi inayouliza kwa nini akina baba hawabebi, na jibu langu lilikuwa moja tu: uelewa mdogo.

Basi wakuu, wife akajifungua kabla ya wakati.

Binti. Tukamwita Keza. Mdogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilipomwona niliogopa hata kumpumulia. Wife alifanyiwa upasuaji, kidonda kikapata maambukizi. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani alikuwa bado kwenye dawa, kumnyonyesha tu kulimtoa machozi, sembuse kukaa naye kifuani kutwa. Daktari akasema wazi kwamba kifua cha kazi ni cha baba. Nilitikisa kichwa kwa yale madaha ya mtu anayefundishwa somo lake mwenyewe.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe. Alikuja kumsaidia binti yake, Mungu ambariki.

Sasa nieleweni vizuri hapa, hasa ninyi ambao mama mkwe wenu mnataniana naye. Huyu mama sijawahi kumwona akitafuna. Yeye hajawahi kuniona bila soksi. Akipita nasimama, nikipita anainamisha uso. Na nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Chumbani amelala wife, mama mkwe anaingia kumhudumia. Chumba cha pili ni chake. Imebaki sebule, ambayo ni ya wote.

Nikahamia stoo.

Mtaalamu wa kitaifa, nimekaa juu ya gunia la viazi, kifua wazi, mtoto kifuani, naangaliwa na masufuria. Na mama mkwe akihitaji sufuria anakohoa kwanza mlangoni, kwa heshima. Nikisikia kikohozi namtoa Keza, namviringisha blanketi, navaa shati, nafunga vifungo mpaka cha shingoni, natoka kama niliyekuwa nahesabu viazi. Kwenye nyumba yenye mgonjwa, sufuria inahitajika kila mara.

Kwa hiyo Keza alishinda kwenye mablanketi. Mama mkwe akaona hivyo ndivyo sawa, akamwongezea sweta, maana watoto wake wote aliwalea hivyo. Mimi nikanyamaza.

Kliniki nesi akaniuliza kama mtoto anakaa kifuani ipasavyo, maana uzito haupandi. Nikamjibu, "Tunajitahidi."

Wakuu, hilo ndilo jibu ninaloambiwa na kila kituo kisichofanya chochote.

Ikafika Jumapili. Wajomba na shangazi wa wife wakaja kutoka Busanza kumhemba mzazi, yaani kuja kumpongeza na maziwa na zawadi, kama ilivyo desturi huku. Nikavaa koti kabisa. Keza akapitishwa mkono kwa mkono ndani ya blanketi zake, mvua inanyesha, mlango uko wazi, kila anayempokea anamfunua kidogo amwone anafanana na nani.

Mimi nagawa soda.

Mjomba mmoja akaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Asingeuliza. Nilisimama pale sebuleni nikawapa semina nzima: joto la mwili wa mzazi, ngozi kwa ngozi, kwa nini blanketi peke yake halitoshi. Walinisikiliza kwa makini sana. Mwanangu wakati huo alikuwa upande wa pili wa kochi, ndani ya blanketi, anapoa.

Ulipofika wakati wa kunyonya, mama mkwe akampeleka chumbani. Hakukawia. Akarudi naye akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akaniangalia usoni.

"Mukwe, mutoto iko baridi. Miguu yote iko baridi. Na anakataa ibere."

Hiyo ibere ni ziwa la mama. Mtoto njiti akipoa, akalegea na kukataa kunyonya, mimi najua kinachoweza kufuata. Nimekifundisha. Nilimpokea, nikashika nyayo zake, nikasikia ubaridi ambao mpaka leo mkono wangu unaukumbuka.

Na hata hapo, wakuu, jicho langu lilikimbilia kwanza mlango wa stoo.

Halafu nikavua. Koti, shati, fulana, vyote sakafuni mbele ya ukoo mzima. Na kifua chenyewe si cha kutangaza. Juu mbavu, chini kitambi. Hakuna aliyepiga makofi. Nikamvua Keza sweta zake, nikamlaza kifuani, baridi yake ikaniingia mpaka moyoni.

Mama mkwe akageuza uso ukutani. Nikajua nimemtukana. Kumbe anafungua kitenge chake cha begani. Akaja kwa nyuma yangu, macho bado ukutani, akakizungusha, akakifunga mgongoni kwangu kwa kupapasa tu.

"Shika kichwa yake," akasema. "Twende."

Mjomba akaendesha gari, mama mkwe kiti cha nyuma anasali. Tukiwa njiani nikasikia kitu kinakwaruza chini ya shingo yangu. Keza ameanza kutafuta ziwa. Kwangu hakukuwa na chochote cha kumpa, lakini nililia kama mjinga.

Hospitali walitulaza. Walimlisha kwa mpira mpaka akapata nguvu ya kunyonya, na muda uliobaki wakamrudisha palepale kifuani. Akapona.

Siku tuliyorudi nyumbani nilianza kuelekea stoo kwa mazoea. Mama mkwe akaniita. Alikuwa ameweka viti viwili sebuleni, vimepeana mgongo.

"Wewe kaa hapa. Mimi nitaangalia dirisha."

Tukakaa hivyo. Mimi kifua wazi naangalia ukuta, yeye anaangalia mvua na kuchambua maharage, tunaongea kwa migongo. Ndiyo mara ya kwanza tumeongea kweli. Alinisimulia mtoto wake aliyezaliwa mdogo wakiwa ukimbizini, akamviringisha nguo zote alizokuwa nazo, na asubuhi alikuwa ameenda. Wife hakuwahi kujua kama alikuwa na dada.

Sikumpa somo lolote.

Nilipotakiwa kurudi kazini, akaniuliza, kwa mgongo vilevile, "Kitabu yako inasema na nyogokuru anaweza?" Nyogokuru ndiye bibi. Nikamwambia inasema anaweza.

"Basi ulete mutoto. Geuka ukuta."

Nilichojifunza: nilidhani watu hawafanyi kwa sababu hawajaelewa. Mimi nilielewa kuliko wote na nilikaa stoo. Siku hizi kwenye semina simalizi kwa kuuliza kama wameelewa. Nauliza nyumbani kwako mnaishi na nani, na utakaa chumba gani. Akishaanza kujibu mmoja, hatumalizi mpaka chakula kinapoa. Mdoli nilimpa mtoto wa jirani.

Nimalizie na hili. Mtoto akishakua, anaanza kurusha mateke na kusukuma atoke kitengeni. Hiyo ndiyo dalili ya kumwachisha. Keza alianza akiwa kifuani kwa bibi yake. Nikasikia kutoka upande wa pili wa kiti:

"Anapiga mateke. Kitabu inasema aje?"

Nikasema inasema yuko tayari, tuache.

Nilisikia anakaza kitenge.

"Basi tutaacha kesho."

Hiyo kesho tuliisema siku nyingi sana, mimi na yeye, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Sasa uwanja wenu. Mnaotaka kucheka kitambi changu mnakaribishwa. Ila kama kuna baba amekaa stoo saa hizi anasoma huu uzi, kaka, toka tu. Geuza viti.