Mama Yake Pagona

Stamata aliolewa akiwa na miaka thelathini na minne. Huko kwao, mwanamke akifika umri huo watu huacha kumwuliza habari za wachumba, wakaanzia kumwuliza habari za magoti. Alikuwa mtu wa bondeni, upande wa Kalamata, na kazi yake ilikuwa kupanga tini kavu kwenye makasha. Ligoris alikuwa mwashi wa mawe kutoka Mani, kule rasini kwenye miamba na upepo, na alikuja kujenga ukuta wa ghala walimokuwa wakifungia tini. Ukuta ulipokwisha akabaki siku mbili zaidi bila kazi ya maana, na watu wakaelewa.

Hakumficha kitu. Alimwambia kwamba yeye ni mgane, kwamba mke wake Pagona alikufa kwa homa ya mapafu, na kwamba hawakujaliwa mtoto. Akamwambia pia kuwa maji ya kwao ni ya mvua, yanakingwa kisimani, na kuwa watu wa kwao wana maneno. Stamata akamwuliza kama yeye naye ana maneno. Ligoris akafikiri, akasema hana. Wakaoana mwezi wa pili, wakati milozi inachanua.

Maneno aliyakuta kweli, na mwenye maneno mengi alikuwa Diamando, binamu yake Ligoris, aliyekaa nyumba ya pili. Diamando hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila siku na bakuli la kitu, akaketi, akaanza: Pagona alikuwa akianika nguo upande huu. Pagona hakuwa akitia jani hilo kwenye dengu. Pagona, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa kukanda mkate. Stamata akajifunza kwamba marehemu hana kosa, na kwamba mtu aliye hai hawezi kushindana naye, maana yeye aliye hai kila asubuhi anaamka na kuunguza kitu.

Mwezi wa saba ikafika sikukuu ya Mtakatifu Marina. Kanisa lake ni dogo, wakiingia watu ishirini wanagusana mabega, nalo limekaa peke yake chini kabisa korongoni, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa njia ya punda. Lilijengwa kabla Waturuki hawajafika, na mikono iliyolijenga haijulikani. Mlango ni mfupi, kila anayeingia huinama apende asipende. Ndani kuta zote zina watakatifu, wamekuwa weusi kwa moshi wa mishumaa ya miaka mia nane, na karibu na madhabahu yupo Marina mwenyewe, amemkamata shetani kwa nywele, nyundo ameinua juu. Misa husomwa humo siku ile moja tu. Siku nyingine zote za mwaka kanisa lilikuwa na mtu mmoja wa kulikumbuka, Kalomira, mama yake Pagona, mkazi wa kijiji cha jirani, ambaye kila Jumamosi alishuka kwenda kutia mafuta kwenye taa. Ukoo wake ndio uliozikwa pale nje, chini ya ukuta wa mashariki. Binti yake alipokufa alimwomba Ligoris amlaze huko, na Ligoris akakubali.

Stamata alipika ngano ya marehemu, ile inayoombewa kanisani kisha ikaliwa na wote, kama desturi ilivyo, akaichanganya na zabibu na lozi, akainyunyizia sukari juu, akaibeba mwenyewe kwenye sinia mpaka chini. Diamando alimwuliza njiani kama ana hakika na anachokifanya, kwa sababu ngano ya Pagona hupikwa na mama yake. Stamata akajibu kuwa marehemu hakatazwi sahani mbili.

Akaliweka sinia lake mezani karibu na lile la Kalomira. Kizee alikuwa amesimama pale, mwembamba, amevaa nyeusi juu mpaka chini, akaliangalia lile sinia, kisha akageuza uso akamtazama mtakatifu. Padri Anargiros akasoma majina ya marehemu. Misa ilipokwisha watu wakatoka nje na kuanza kula, na kila mmoja akachota kwa Kalomira. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walikuwa wanamwangalia mama mfiwa anafanya nini, wakafanya hivyo hivyo.

Stamata akapanda mlima na sinia lake karibu limejaa. Walipofika kwenye kona, ambako hakuna aliyeweza kuwaona, Ligoris akamshika mkono, akaketi juu ya ukuta wa shamba, akalipakata sinia, akaanza kula kwa kiganja. Alikula bila haraka, mpaka zaidi ya nusu ikaisha.

"Sukari imekolea," akasema, akajipangusa masharubu.

Hayo ndiyo maneno yake yote kuhusu siku ile. Stamata alipokuwa mzee bado alisema kwamba kama aliwahi kumpenda mumewe kwa siku moja tu, basi ni siku ile.

Zeituni zilipoanza kuvunwa, Jumamosi moja Stamata alishuka na punda kutafuta mboga za mwituni, maana mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kanisa akamwona Kalomira ameketi juu ya jiwe katikati ya njia, chupa ya mafuta mapajani. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameketi tu, kama mtu anayesubiri jambo ambalo ana hakika haliji. Stamata akamsalimia. Kizee akamtazama.

"Wewe ndiye yule."

"Ndimi, bibi."

"Waliniambia u mnene."

"Walikuambia kweli. Ni hizi nguo nyeusi za kazi zinanipunguza."

Kalomira akasema goti limekataa, na kwamba goti hili lilikuwa halijawahi kumkatalia tangu alipozaliwa. Stamata akaishusha mifuko ya mboga, akatandika shali yake juu ya tandiko, akamkumbatia kizee kiunoni akampandisha juu ya punda kama mtu anavyopandisha gunia la kitu chepesi. Kalomira alidhani anarudishwa nyumbani. Alipoona punda anageuzwa kuelekea kanisani, akaishika chupa kwa mikono miwili mpaka mlangoni.

Waliinama wakaingia. Stamata akaishusha taa, kizee akaimiminia mafuta, wakaiwasha. Mwanga ukapanda ukutani, ukamfikia Marina na nyundo yake. Mle ndani kulikuwa na harufu ya nta na mawe yaliyolowa. Stamata akataka kutoka amwache mwenyewe asali, lakini Kalomira akamshika pindo la nguo.

"Ile ngano yako," akasema. "Niliiona, na kuionja nilitaka. Nikashindwa."

"Si kitu, bibi."

"Ni kitu. Niliogopa itakuwa tamu kuliko yangu." Akakaa kwenye ubao uliokuwa ukutani. "Na wewe uko hai, unatembea nyumbani kwa mwanangu, una mashavu. Mimi ningefanya nini? Nikupigie makofi?"

Stamata akaketi karibu yake. Ndipo jambo ambalo lilikuwa limemkaa kifuani tangu mwezi wa pili likamtoka. Alisema anajitahidi, lakini hawezi kuwa kama Pagona, wala mkate wake hauwi kama wa Pagona. Kizee akamgeukia, akamkodolea macho.

"Nani kakwambia habari za mkate?"

"Diamando."

Kalomira akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka akalazimika kujifuta macho na ncha ya kitambaa. "Mwanangu, Mungu amweke pema, alikuwa mvivu," akasema. "Alilala mpaka jua linamkuta kitandani. Akifua nguo zinarudi na uchafu uleule. Na mkate wake ulikuwa jiwe. Ligoris angeweza kujengea ukuta. Lakini alikuwa akiimba, unajua? Alikuwa akiimba huku anaunguza kila kitu, na sauti yenyewe mbaya. Wote wamemfanya mtakatifu, mpaka sina wa kuzungumza naye habari zake. Nikisema alikuwa mvivu, wananitazama kama nimetukana. Mimi namtaka yule yule mvivu wangu."

Stamata akamwomba amwimbie wimbo mmoja wa Pagona. Kizee akaimba, vibaya, kwa makusudi, kama alivyokuwa akiimba yule binti, na wote wawili wakacheka mbele ya watakatifu.

Tangu hapo kila Jumamosi Stamata alimpeleka kizee kwa punda. Watu wakazoea kuwaona, wakazoea pia kuwasikia, kwa kuwa walibishana njia nzima. Diamando alishindwa kuvumilia, akauliza hawa wawili ni nani kwa nani. Mkwe si mkwe, mama si mama, na jirani hawakai kijiji kimoja. Kalomira alipoletewa swali lile akasema, "Mwambieni mimi ni mzigo wa punda."

Mwaka wa tatu Stamata akapata mimba, wakati yeye mwenyewe alishakata tamaa na kumwambia Ligoris asiwaze. Akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Kijiji kizima kikajua ataitwa nani. Mke wa kwanza akifa bila mtoto, jina lake hupewa binti wa mke wa pili, lisipotee. Stamata alikubaliana na jambo hilo. Alikuwa amekwisha kumpenda Pagona kwa namna yake, kupitia uvivu wake na nyimbo zake. Hata hivyo, usiku akimnyonyesha mtoto alilijaribu lile jina kwa sauti ya chini, na kila mara liligeuka likawa la mtu mwingine aliyeko chumbani.

Akaenda kwa Kalomira akamwomba awe mama wa ubatizo. Huko kwao mama wa ubatizo ndiye anayelitamka jina mbele ya padri, na wazazi hulipokea atakalotamka. Kwa hiyo kumwomba yeye ilikuwa sawa na kumkabidhi jina. Kalomira alielewa. Aliinamisha kichwa akakubali, akaomba tu kwamba iwe kwa Mtakatifu Marina.

Siku ya ubatizo Ligoris na mafundi wenzake walilibeba beseni la shaba mpaka korongoni, na maji pia. Mama mzazi haingii mpaka jina litamkwe, basi Stamata aliketi nje, juu ya nyasi, chini ya ukuta wa mashariki, karibu na kaburi la Pagona. Alisikia mtoto analia maji yalipomgusa. Alisikia Padri Anargiros akiuliza jina. Kisha akasikia mtu anakohoa, naye hakujua mwenyewe anataka jina lipi.

"Asimina," ikasema sauti ya Kalomira.

Watoto wakatoka mlangoni wanasukumana, wanakimbilia kwake kumpa habari ili awape lozi za sukari. Stamata aliwapa bila kuhesabu. Asimina lilikuwa jina la mama yake, aliyefia bondeni, ambaye hakuna mtu wa Mani aliyewahi kumwona.

Kalomira akatoka nyuma yao, ameinama kwa ajili ya mlango na kwa ajili ya miaka, mtoto kifuani amefungwa shuka jeupe.

"Nilimwuliza mumeo jana mama yako aliitwa nani," kizee akasema. "Pagona jina lake alilivaa mwenyewe. Huyu nimtwike ya nini? Kila nikimwita ningekuwa namwita mwingine, na mtoto angejua. Watoto hujua." Akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. "Haya, kumbara. Mnyonyeshe, ananikojolea."

Kumbara ndivyo wanavyoitana mzazi na yule aliyembatizia mtoto, na udugu huo kwao huhesabiwa sawa na wa damu. Stamata alilia akimnyonyesha. Ligoris alisimama karibu nao, anakagua ukuta wa kanisa kana kwamba ameagizwa aurekebishe.

Baadaye Kalomira alihamia kwao, chumba cha juu. Waligombana juu ya chumvi na juu ya madirisha, na alimfundisha Asimina kuwatukana kuku. Aliishi mpaka mtoto akaanza shule, akafa majira ya machipuko, mchana, akiwa anachambua dengu.

Stamata alimwosha na kumvika. Walipomlaza kanisani, wanawake wakakaa kumzunguka kwa maombolezo, na wakamngojea yeye aanze. Wanawake wa Mani huomboleza kwa mashairi wanayoyatunga papo hapo, ubeti kwa ubeti, na mtu wa bondeni hajui sanaa hiyo. Alijaribu kutafuta maneno makubwa, hayakuja. Akamshika kizee mkono, akaanza kumwambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba supu ya jana hakuimaliza na alisema haina chumvi, kwamba dengu zake ziko mezani bado, nusu zimechambuliwa na nusu hazijachambuliwa, na yeye hajui nusu ipi ni ipi.

Ndipo Diamando, aliyeketi upande wa miguu, akaipokea supu ile, akaitia katika ubeti, na wengine wakamwitikia.