Mama Glavu na Alama ya Kidole

Mtunza vibao vya majaribio ya rangi wa maabara yetu tunamwita Mama Glavu, ila si mbele yake. Ukiisogelea meza yake tu, boksi la glavu linakunyookea kabla hujamaliza kumwamkia. "Vaa kwanza mwanangu, ndio useme." Umeshavaa? Atakuvulisha, uvae mpya. Kisha anakipuliza kibao kwa kipira chake cha hewa, anakiinamia, anakipuliza tena, na sisi tumesimama kama tunangoja pipi. Jamani, mama huyu anachosha!

Juzi alifungua kibao kilichorudi kutoka angani. Kilikaa miaka kimefungwa nje ya kituo cha anga ili tuone jua linavyoila rangi yake nyeupe. Rangi ilikuwa imegeuka manjano, sawa kabisa na tulivyotarajia. Lakini katikati, pale pale pa kupimia, palikuwa na alama ya kidole gumba. Jua lilikuwa limeyachoma mafuta ya kidole hicho mpaka yakawa kahawia, na kovu la kisu lilionekana wazi, limekatiza mshazari. Kovu hilo hilo tunaliona kila siku Mama Glavu akishika kikombe chake cha chai.

Akakiinamia. Akapuliza. Akapuliza tena.

"Nani amekishika hiki?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Macho yetu yote yakaenda kwenye kikombe chake cha chai.

"Haya, pimeni pembeni."

Kesho yake boksi lilitunyookea tungali mlangoni. Na chai yake aliinywa amevaa glavu.